Jina lake nimelikuta kwenye rekodi za jeshi la Marekani. Je, nimtumie pesa ya ruhusa?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mjane wa miaka 44. Nauza madera Kongowea, na nina watoto wawili waliokwisha kuwa wakubwa, hasa yule wa kwanza, ambaye siku hizi ananikagua kama askari wa trafiki. Ndiyo maana nimekuandikia wewe badala ya kumweleza yeye.

Tangu baada ya Idi nazungumza kwa simu na mwanamume anayesema ni meja katika jeshi la nchi kavu la Marekani. Naye amefiwa na mke. Alinianza kwa kulisifu dera nililoweka picha yake nikiliuza, tukaenda hivyo hivyo, salamu asubuhi, salamu usiku, mpaka nikazoea. Siku isipoingia salamu yake hata chai hainishuki. Anasema yuko kambi ya Manda Bay, huko huko Lamu kwetu.

Najua unachowaza. Na mimi niliwaza hivyo, kwa hiyo sikukaa tu. Nilichunguza.

Kambi ipo. Kaka yangu ana boti Lamu, na habari za Wamarekani wa Manda si ngeni kwake. Tena sote tulisikia lile shambulio la Januari 2020. Jina nalo lipo. Mpwa wangu yuko Dallas. Nilimpa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, mwaka 1979, akaingia kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi ya kule inayothibitisha kama mtu yuko jeshini, ikamtolea cheti kabisa: yuko kazini. Hakuishia hapo. Akapekua kumbukumbu za Bunge lao, akalikuta jina lilo hilo kwenye orodha ya waliopandishwa cheo kuwa meja. Alinipigia simu saa nane usiku kunipongeza.

Kisha nikamwomba Meja mwenyewe anitumie karatasi yoyote ya utumishi yenye picha yake. Akasema faili yake iliteketea katika moto mkubwa wa ghala la kumbukumbu za wanajeshi, mji wa St. Louis. Nikasema moyoni, leo nimekunasa. Kumbe moto huo ulitokea kweli! Nimesoma habari zake mwenyewe. Nilikaa na aibu siku mbili kwa kumshuku mtu wa watu.

Sasa anataka kuja Mombasa aonane na wazee. Lakini anasema mwanajeshi wa Marekani hatoki kambini mpaka mchumba amwombee ruhusa na kulipia ada. Barua ya ombi ilinijia kwa barua pepe, ina nembo ya tai, na anwani yenyewe inaanza na "us.army". Nilitakiwa kutuma nakala ya kitambulisho na shilingi 40,000 za kufungua faili. Nimetuma. Zilipokewa na wakala wao wa Nairobi, laini ina jina la mtu wa hapa hapa. Zimebaki 185,000, na Ijumaa ni zamu yangu ya kupokea pesa za chama.

Video hatujafaulu, anasema kambini hawaruhusiwi. Picha ninazo. Ile niipendayo amevaa sare, mkono mmoja ameshika kikombe cha kahawa, mwingine amempakata mtoto wa mbwa. Kifuani katikati ana alama kama mapaa matatu ya nyumba yaliyopandana, na chini yake viupinde viwili. Maandishi ya kifuani yamekaa kinyumenyume, akaniambia ni ile kamera ya mbele ya simu, hupiga kama kioo.

Kwa hiyo swali langu si kama ni mwanajeshi. Hilo nimelimaliza. Nataka kujua kama hiyo ada ni halali, au ni hawa mawakala wa Nairobi wanamwongezea.

Mama Madera, Mombasa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Usitume. Nimelitanguliza hilo ili likufikie kabla ya Ijumaa, mengine tutazungumza taratibu.

Kwanza nikupe haki yako. Wengi wanaoniandikia kuhusu "wanajeshi" hawakuchunguza hata chembe. Wewe umechunguza kuliko wakili, na kila ulichokipata ni kweli. Kambi ni kweli, jina ni kweli, moto ni kweli. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachosema ni nani anayekuandikia salamu za asubuhi. Umethibitisha kwamba yupo Mmarekani mwenye jina hilo aliye meja. Sina shaka yupo. Huenda sasa hivi anakata majani nyumbani kwake na hana habari kwamba amechumbia Mombasa.

Tuanze na cheti cha mpwa wako. Kule Marekani kuna sheria ya mwaka 2003 inayowalinda wanajeshi walio kazini wasihukumiwe kesi za madeni au kunyang'anywa nyumba wakati wako kwenye utumishi. Kwa sababu hiyo, benki au mdai kabla ya kuomba hukumu dhidi ya mtu asiyefika mahakamani hutakiwa kuhakikisha kama mtu huyo yuko jeshini. Ndiyo kazi ya tovuti ile, na inaendeshwa na kituo cha takwimu za watumishi cha Wizara yao ya Ulinzi. Unaingiza jina la ukoo pamoja na namba ya hifadhi ya jamii au tarehe ya kuzaliwa, unataja siku unayoulizia, nayo inakujibu: siku hiyo mtu huyo alikuwa kazini au hakuwa. Basi. Haina picha. Haina namba ya simu. Haisemi yuko Manda, Ujerumani au Korea. Haisemi ana mke au hana. (Mpwa wako asiichezee tena, maana imewekwa kwa wenye mashauri ya mikopo na mahakama, na jina lililoingia pale kuuliza ni lake.)

Sasa jiulize: tarehe ya kuzaliwa mpwa wako aliipata kwako. Wewe uliipata kwa nani? Kwake Meja. Yaani ufunguo wa kufungulia mlango ulipewa na yule yule unayetaka kujua kama ni mwizi, na mlango ulipofunguka ukafurahi. Tapeli akishaiba jina na tarehe sahihi, cheti kitatoka "yuko kazini" kila mara utakapouliza. Kinachothibitishwa pale ni kwamba ameiba vizuri.

Na ile orodha ya Bunge ni hivyo hivyo. Ofisa wa jeshi lao la kudumu akifika cheo cha meja kwenda juu, jina lake hupelekwa Seneti kuidhinishwa, na majina huchapishwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge ambazo mtu yeyote duniani anaweza kuzisoma bila kulipa. Ni jambo zuri. Kwa anayejiita meja, kanali au jenerali na jina lake halimo kabisa, una haki ya kushtuka. Lakini kisima alichochota mpwa wako ndicho anachochota tapeli. Anasoma orodha, anachagua jina, anakwenda kutafuta mengine kwenye mitandao. Wewe ulipolikuta jina pale ulidhani umemfuata nyuma. Yeye alikutangulia.

Nije kwenye moto, maana huu ndio umenifanya niweke kikombe chini. Ni kweli kabisa. Tarehe 12 Julai 1973 kituo cha taifa cha kumbukumbu za wanajeshi, St. Louis katika jimbo la Missouri, kiliungua, yakateketea mafaili kati ya milioni 16 na 18. Familia nyingi za Kimarekani hadi leo zinahangaika kupata stahili za babu zao kwa sababu ya siku ile. Lakini mafaili ya nani? Ya askari wa nchi kavu waliotoka jeshini kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, na sehemu ya askari wa jeshi la anga waliotoka kati ya 1947 na 1964. Meja wako umesema amezaliwa 1979. Faili yake iliungua miaka sita kabla mama yake hajamzaa. Tena aliye kazini bado, rekodi zake ziko kwa jeshi lenyewe. Ghala la St. Louis huhifadhi za waliokwisha kutoka. Uliposoma habari za moto ulitafuta kama ulitokea. Hukutazama mwaka. Hata mimi pengine nisingetazama, maana mtu aliyeona aibu huwa hasomi mpaka mwisho.

Kwa wasomaji wengine wenye wachumba "waliostaafu", hilo ghala lina faida. Mtu yeyote anaweza kuliandikia kwa fomu yao namba 180 na kuuliza habari za aliyetoka jeshini, hata bila idhini yake: cheo cha mwisho, tarehe za utumishi, vituo alivyofanyia kazi, nishani, na wakati mwingine hata picha rasmi. Ikitimia miaka 62 tangu mtu atoke, faili lake huwa wazi kwa umma. Picha hiyo ndiyo yenye thamani kwenu, kwa sababu sura ndiyo inayokosekana kwenye hivyo vyeti vya mitandaoni. Ila majibu hayaji kwa wiki, na mwenye haraka ya Ijumaa hayatamfaa.

Tuiangalie sasa hiyo picha unayoipenda. Umenieleza vizuri sana, tena bila kujua umenieleza nini. Kwenye sare ya kazi ya jeshi lao, alama ya katikati ya kifua ndiyo cheo. Cheo cha meja ni jani la mwaloni, jani moja tu. Mapaa matatu yaliyopandana na viupinde viwili chini yake ni sajini, sajini wa daraja la juu. Sajini ni mtu wa heshima sana jeshini, lakini si meja, na hapiti Seneti kupandishwa. Kwa hiyo una jina la mtu mmoja na kifua cha mtu mwingine.

Maandishi je? Ni kweli kamera ya mbele inaweza kugeuza picha. Lakini mkono mmoja una kahawa, mwingine una mbwa. Simu ilishikwa na nani? Kama alipigwa na mwenzake, mwenzake angetumia kamera ya nyuma, nayo haigeuzi kitu. Matapeli huzigeuza picha makusudi ili ukiipeleka kwenye tovuti za kutafuta picha isikuonyeshe ilikotoka. Muombe mpwa wako aigeuze irudi sawa, asome jina lililoko kwenye kitambaa cha kifuani, kisha aitafute upya. Hiyo ni kazi ya dakika tano, na ndiyo ilikuwa ya kwanza kufanywa, kabla ya mambo ya Seneti.

Usidhani wenye picha hizo wanafurahi. Yuko kanali mstaafu wa Marekani, Bryan Denny, aliyejitokeza hadharani kueleza jinsi picha zake zilivyotumiwa kwenye akaunti za uongo maelfu, na wanawake waliokuwa wakimwandikia wakiamini wana uchumba naye. Mtu hajawahi kuzungumza nao hata siku moja.

Ada ndiyo uliyoniuliza, na nimekupitisha mbali. Hakuna ada. Mwanajeshi wa Marekani anapata siku 30 za likizo kwa mwaka, analimbikiza siku mbili na nusu kila mwezi, anaomba mwenyewe kwa mkubwa wake. Mchumba haombi, mke haombi, mama mzazi haombi, na hakuna anayelipa. Idara ya upelelezi ya jeshi lao imekuwa ikitangaza hivyo kwa miaka: askari halipii ruhusa, halipii ruhusa ya kuoa, chakula na matibabu yake yako juu ya serikali. Na wewe ni mtu wa Pwani, mwanangu. Kutoka Lamu unavuka kwa boti hadi Mokowe, unapanda basi, unashuka Mombasa. Shilingi 225,000 kwa safari hiyo, huyo Meja anakuja na basi zima peke yake?

Barua pepe isome kama unavyosoma namba ya nyumba, yaani mwisho wake. Anwani za jeshi la Marekani huishia na .mil. Chochote kinaweza kuandikwa mwanzoni, hata mimi leo naweza kufungua anwani inayoanza na "us.army" nikakutumia nembo ya tai. Tazama baada ya ile alama ya @. Nina hakika utakuta ni zile anwani za bure ambazo kila mtoto wa sekondari anayo.

Usije ukambana kwa video ukadhani umemaliza. Siku hizi hata sura inayocheka na kupepesa macho inaweza kutengenezwa. Tumia pesa kama kipimo. Anayekuomba pesa kabla hujamwona ana kwa ana, sura yake haina umuhimu.

Sasa ya kufanya. Leo, kabla ya kulala, hifadhi mazungumzo yote, ujumbe wa muamala wa zile 40,000, namba ya laini ya "wakala", barua ya tai pamoja na anwani ilikotoka. Usimtukane na usimwambie umejua. Akijua atafuta akaunti na ushahidi uende naye. Akiuliza habari za chama, mwambie kimeahirishwa. Kisha piga huduma kwa wateja wa kampuni ya simu yako uwape namba iliyopokea pesa, na nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe namba ya OB. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni na kulaghai ni makosa chini ya sheria yetu ya makosa ya kompyuta ya 2018, na laini iliyopokea ni ya hapa hapa, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba hiyo ni kesi ya Amerika. Mpwa wako anaweza kuripoti upande wa kule kwenye kitengo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa intaneti.

Kitambulisho kinanitia wasiwasi kuliko hizo 40,000. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba ya kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, ifungishe. Na katika wiki zijazo akitokea mtu, awe wakili au "ofisa", akisema anaweza kukurudishia pesa zako ukitanguliza kidogo, ujue ni huyo huyo amebadilisha kofia.

Umesema siku isipoingia salamu chai haishuki. Hilo sina fomu yake. Miezi kadhaa kuna mtu alikuwa akikuuliza umeamkaje, na mtu huyo alikuwa anasoma kazi yake kwenye karatasi, lakini wewe ulikuwa unajibu kwa moyo. Itauma, tena itauma kwa namna ambayo huwezi kuipokelea mkono wa pole, maana hakuna msiba unaoonekana.

Mwambie mwanao, yule wa trafiki. Mwambie leo jioni, mpe barua hii aisome kama maneno hayatoki. Atakukasirikia robo saa. Lakini kesho asubuhi foleni ya kituoni ni ndefu, na wewe una duka la kufungua; atahitajika mtu wa kukaa pale na makaratasi wakati wewe unauza.